Nina LC, sina mtaji: nianzie wapi?

SWALI: Nanunua kahawa Moshi na kuiuza nje. Mnunuzi wa Ujerumani amenifungulia LC, ila sina fedha za kujaza kontena, na benki inataka dhamana nisiyokuwa nayo. Nifanye nini?

JIBU: LC (kifupi cha Kiingereza cha “letter of credit”) ni ahadi ya benki ya mnunuzi kukulipa ukiwasilisha nyaraka zinazolingana na masharti. Ipeleke kwenye benki yako uombe mkopo wa kabla ya kusafirisha: benki hukupa sehemu ya thamani ya mzigo, kisha hukata deni lake malipo yakiingia. Dhamana ikipungua, mwombe ofisa mikopo apeleke ombi kwenye mpango wa Serikali wa kudhamini mikopo ya mauzo ya nje, unaosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Udhamini huo unailinda benki. Deni linabaki lako lote.

Hatari kubwa iko kwenye karatasi. Jina likitofautiana, uzito wa ankara usipolingana na wa hati ya shehena, au meli ikiondoka baada ya tarehe ya mwisho, benki ya mnunuzi ina haki ya kukataa kulipa hata kama kahawa ni safi kabisa. Chini ya UCP 600, yaani kanuni za kimataifa za LC, LC isiposema vingine, nyaraka huwasilishwa ndani ya siku 21 baada ya kupakia, kabla LC haijaisha muda. Benki ina siku 5 za kazi kuzikagua. Soma masharti leo, kabla ya kununua gunia hata moja. Usiloliweza, mwambie mnunuzi alirekebishe sasa.