Mtoto wa wifi yangu hana shukrani: nimpe nini Krismasi hii?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyakato hapa Mwanza. Kila Desemba mtoto wa marehemu wifi yangu, msichana wa miaka 15 anayelelewa na bibi yake Nansio, kisiwani Ukerewe, huja kwetu kula sikukuu, akiwa na mfuko wa machungwa na dagaa kutoka kwa mama mkwe. Kwa kuwa dada wa kazi huwa amekwenda kwao, mtoto huyu hunisaidia kidogo nyumbani. Mwaka jana nilimpa gauni zuri la bluu ambalo binti yangu lilikuwa limembana, nikamwita alivae mbele ya wageni ili tupige picha ya kundi la ukoo. Hakutabasamu, na alipoondoka aliliacha kitandani. Baadaye nikaona katika simu ya mume wangu kwamba alimtumia mama yake shilingi 20,000 "za mtoto" bila kunieleza. Mwaka huu hali ni ngumu, nina shilingi 25,000 tu. Nimnunulie zawadi gani ndogo itakayomfundisha shukrani?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ugumu wa mwezi, kwani najua Desemba inavyokausha mifuko na Januari inavyosubiri nyuma ya mlango. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimemhurumia mtu mwingine.

Unasema mtoto huja kula sikukuu, nami nimetafuta humo mstari unaoonyesha kwamba aliketi akala, sikuuona. Nilichokiona ni kwamba ziara yake huanza wakati ule ule dada wa kazi anapofunga mzigo wake. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Inaelekea wewe ulimpokea na jembe mlangoni, kisha ukaliita msaada kidogo. Na yale machungwa ya Ukerewe, pamoja na dagaa ambao bibi aliwaanika mwenyewe juani, je, kuna aliyekutaka uyale mbele ya wageni huku ukitabasamu ili upigwe picha?

Gauni lile hakuliacha kwa kiburi. Msichana wa miaka 15 ana mwili ambao yeye mwenyewe bado anauzoea, na wewe ulimsimamisha sebuleni, katika nguo iliyomkataa binamu yake, ili ukoo mzima uone kwamba yatima amevikwa. Angeweza kulichana au kuligawa njiani. Aliliacha limekunjwa, bila shaka, na akaondoka bila neno. Kwangu hayo ni malezi mema, na nampongeza mama mkwe wako kwa kuyatoa.

Mumeo sina ugomvi naye. Yeye ni mjomba, ndugu wa tumbo moja na mama ambaye mtoto huyu amempoteza, na alichotuma alikituma kwa mama yake mzazi, anayejua chungu kimepungukiwa nini. Kosa lake ni kuficha, ingawa mtu anayepekua simu ya mumewe usiku ajiulize kwanza kwa nini ndani ya nyumba yake wema unafanywa kwa siri. Ndoa za siku hizi zimegeuka kuwa maduka mawili chini ya paa moja: huyu ana simu yake na pesa zake, yule zake, na ndugu wamegawanywa kuwa wa upande wako na wa upande wangu, hata yatima anaingizwa katika hesabu kama deni la upande mmoja. Machungwa ya upande huo, hata hivyo, huliwa na wote.

Sasa tuje kwenye shilingi zako 25,000, ambazo si haba. Umenieleza rangi ya gauni lakini hukunieleza mtoto yuko kidato cha ngapi. Ada katika sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa tangu Januari 2016, na watu wengi wakadhani gharama zimeishia hapo. Madaftari, sare, viatu, soksi, mkebe wa hisabati na taulo za kike bado ni juu ya mlezi, na Januari shule hufunguliwa bila kumsubiri mtu. Vitu hivyo ni haki ya mtoto, kwa hiyo usivifunge kwa karatasi ya kung'aa na kuviita zawadi. Kaa na mumeo, mpigieni bibi simu, muulizeni bila kuzunguka ni kipi kimepungua, mkitoe katika pesa ya nyumba. Taulo za kike za miezi michache, chupi na sidiria mpya, ziweke wewe mwenyewe katika begi lake mkiwa wawili chumbani, wala mumeo asizitaje mezani.

Zawadi ni kile kinachobaki baada ya hapo, nacho kiwe kitu ambacho hakimfai mtu mwingine yeyote nyumbani kwa bibi ila yeye. Usimnunulie vibanio, kwa sababu shule nyingi za serikali huwataka wasichana wawe na nywele fupi. Saa ya mkononi ya bei ndogo itamfaa, au pochi, au chupa ya mafuta mazuri ya kujipaka ambayo hatagawana na binamu. Taa ndogo ya sola ni nzuri ikiwa anasoma usiku, lakini ujue kwamba bibi naye ataiazima. Mimi ningefanya hivi: ningempa shilingi 15,000 mkononi, ningeshuka naye sokoni Makoroboi asubuhi moja, ningemwacha achague na kupatana bei mwenyewe, nami ningefunga mdomo hata akichagua hereni ambazo hazinipendezi. Ukimwona anashika kitu mara mbili kisha anakirudisha, hapo ndipo utakapojua anachokitaka.

Elfu kumi iliyobaki kaleni samaki na ugali karibu na maji, wewe na yeye tu, bila mtoto mdogo wa kumbebesha mgongoni. Muulize habari za shule, na umsikilize mpaka amalize. Akitabasamu, usitoe simu.

Gauni la bluu lipeleke kwa mwenye umbo lake. Naye dada wa kazi, mwaka huu, akae mpaka tarehe 26, umlipe siku hizo za ziada.