Re: Nguzo 40 za uzio, ninunue saruji mifuko mingapi?

Mkuu, umesema nguzo zako ni za zege, sentimita 10 kwa 10, na mashimo ni 30 kwa 30, kina 60. Piga hesabu kwa mita: 0.3 × 0.3 × 0.6 ni 0.054. Toa sehemu inayokaliwa na nguzo yenyewe, 0.1 × 0.1 × 0.6, yaani 0.006. Shimo moja linabaki na 0.048. Mara 40 ni 1.92, ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya zege linalomwagika, unapata kama mita za ujazo 2.1.

Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji sehemu moja, mchanga tatu, kokoto sita), ambao kwa uzio wa seng'enge unatosha kabisa, mita moja ya ujazo hula karibu mifuko minne na nusu ya kilo 50. Nunua mifuko 10, mchanga mita moja ya ujazo, kokoto mita mbili za ujazo.

Ila nakusihi usinunue kabla mashimo hayajachimbwa! Fundi akipanua shimo hadi 35 kwa 35, zege linapanda kwa asilimia 40, na hapo ndipo watu wengi wanapoishiwa saruji katikati ya kazi. Pima mashimo matano hivi, chukua wastani. Nguzo za kona na za geti zihesabu peke yake: shimo la 40 kwa 40, kina 90, linakula zege karibu mara tatu ya hilo la kawaida.