V8 ya lita 5.0 au V6 yenye tabo mbili?

Ndugu yangu, umeuliza uchukue ipi kati ya F-150 mbili za 2012 (pikapu za Ford): yenye V8 (injini ya silinda nane) ya lita 5.0, au EcoBoost, V6 (silinda sita) ya lita 3.5 yenye tabo mbili (turbo, feni za kusukumia injini hewa zaidi), kwa kazi ya kuvuta tela Houston hadi Dallas.

Nguvu za farasi usihangaike nazo, ni 360 kwa 365. Angalia torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayovuta mzigo. V8 inakupa ratili-futi 380, ila mpaka uipandishe mizunguko 4,250 kwa dakika. Ya tabo inatoa 420 kwenye 2,500 tu. Ukiwa na mzigo kilimani, V8 itashusha gia na kunguruma (raha ya masikio, nakubali), mwenzake anapanda kimyakimya.

Ulaji wa mafuta? Tabo hula kidogo gari likiwa tupu. Ikamue na tela uone.

Shida yake nyingine: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haioshi valvu za kuingiza hewa, masizi yanajijenga. V8 hiyo haina tabia hiyo, na haina tabo za kubadilisha.

Kama tela ni kila siku, chukua ya tabo. Lakini nenda alfajiri, gusa injini uhakikishe ni baridi, ndipo iwashwe. Ukisikia mkwaruzo wa cheni ya kuendesha valvu kwa mbele ya injini sekunde chache za mwanzo, rudisha funguo. Mwenye gari akikupokea injini ishapashwa moto, hata usipande.

Tela la mara mojamoja? V8, bila kufikiria mara mbili.