Sabuni ya Mjukuu na Daftari la Babu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzee wa Bombo, hapa Uganda. Mwaka wa 1965 mwalimu wetu aliandika ubaoni, nasi tukanakili na kukariri, na aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Juzi mjukuu wangu wa kidato cha pili aliniomba ndoo na fedha za mradi wa sabuni ya maji, lakini nilipotaka kuona daftari lake, nikakuta kurasa tano tu. Je, ufundishaji umeshuka?

JIBU: Mzee wetu, sabuni hiyo si mchezo. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulianza mwaka wa 2020, na mtihani wa kwanza wa taifa chini yake ukafanyika mwaka wa 2024. Kazi zinazopimwa shuleni huchangia asilimia 20 ya alama, hivyo mwalimu anapaswa kumwona mwanafunzi akipima, akikosea, akirekebisha, na kueleza kwa nini sabuni yake imetoka nyepesi kama maji ya mchele.

Hata kile kibao kimepitwa na wakati: tangu mwaka wa 2007 mtaala unataka madarasa matatu ya kwanza ya msingi yafundishwe kwa lugha ya eneo, na darasa la nne liwe daraja la kuvukia kwenye Kiingereza. (Mijini shule nyingi huanza na Kiingereza siku ya kwanza, tena kwa matakwa ya wazazi wenyewe.)

Ubora uliumia kwingine, kwa maoni yangu. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka wa 1997, wanafunzi walipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja, ilhali walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu aliyezungukwa na watoto 100, hata awe hodari namna gani, atarudia chaki na kuitikiwa kwa pamoja, kwa kuwa hana nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja, na mtaala wa sasa unamdai hasa nafasi hiyo.

Kurasa tano, hata hivyo, ni chache mno. Mwambie mjukuu akusomee vipimo alivyotumia na hatua alizofuata. Asipokuwa navyo, nenda ukamwone mwalimu wa somo, na umwulize pia darasani mwake wamo wangapi.