Kifurushi cha tovuti "bila kikomo": soma masharti kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama duka lako la asali hapo Tabora linahitaji kifurushi cha "bila kikomo" cha kuhifadhi tovuti. Halihitaji. Picha 300 zilizopunguzwa hadi KB 200 kila moja ni MB 60 tu. Hata WordPress (programu ya kujengea tovuti) ikizitengenezea nakala za saizi mbalimbali, GB 5 zinakutosha.

Hiyo "bila kikomo" kwa kawaida ni ya diski na trafiki (data inayoingia na kutoka kwenye tovuti). Vinavyobana ni CPU (nguvu ya kuchakata), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na idadi ya mafaili, navyo hufichwa ndani ya masharti. Kila barua pepe na kila faili la kashe (nakala ya muda ya kurasa) huhesabiwa, kwa hiyo unaweza kukwama huku diski ina nafasi tele. Wateja wakiingia kwa mkupuo, seva nyingi za kushirikiana (kompyuta moja inayobeba tovuti za wengi) hutoa kosa la 508: mgawo wako umekwisha. Mzinga mkubwa, tundu la nyuki mmoja!

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa maandishi: mafaili mangapi, RAM kiasi gani, nakala rudufu kila baada ya siku ngapi, na bei ya mwaka wa pili (hapo ndipo wengi huumia). Anza na mwaka mmoja. Na anwani ya tovuti yako, ile ya .co.tz, isajiliwe kwa jina lako, si la fundi.