Fundi Anajibu: Bamba la plastiki linapasuka, linayeyuka, linajifunga

Barua nyingi za safari hii zinahusu plastiki ya bamba: akriliki (angavu kama kioo, huvunjika), polikaboneti (angavu pia, ila hupinda) na ile nyeupe ya mbao za kukatia mboga. Malalamiko yanafanana, ila plastiki hizi hazifanani hata kidogo, na kinachoiokoa moja huiharibu nyingine.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Natengeneza kasha la kufunika mtambo mdogo kwa akriliki ya milimita 4. Natoboa matundu ya milimita 6 kwa drili ya mkono. Biti inaingia vizuri, lakini ikikaribia kutokea upande wa pili nasikia "ka!" na tundu linabaki na ufa, au kipande kimemeguka. Nimenunua biti mpya kabisa, hali ni ile ile. Tatizo ni nini?

JIBU: Njema, ndugu yetu. Tatizo ni hiyo hiyo biti mpya. Biti ya kawaida imenolewa kwa ajili ya chuma, na makali yake yameelekea mbele ili yajichimbie yenyewe. Chuma ni kigumu, kinaizuia biti isiingie kwa pupa. Akriliki haiizuii. Ukibaki utando mwembamba tu chini ya ncha, biti inaacha kukata na kuanza kujivuta ndani kama skrubu, ikiuinua ule utando. Akriliki haijui kupinda, kwa hiyo inavunjika. Biti ikiwa mpya ndivyo inavyong'ata zaidi.

Dawa ni kuyafisha makali hayo kidogo. Chukua jiwe dogo la kunolea lenye chembe laini, lilaze kwenye uso wa ukingo unaokata, ule unaotazama mfereji wa biti, likiwa sambamba na urefu wa biti. Sugua mara chache mpaka uone mstari bapa unaong'aa, wenye upana wa kama nusu milimita. Fanya pande zote mbili kwa kiasi kile kile, kwa sababu ukizidisha upande mmoja, tundu litatoka kubwa kuliko biti. Sasa biti inakwangua, haichimbi. Kama una mashine ya kunolea na mkono wako umezoea, ichonge na ncha. Biti nyingi za chuma zina ncha ya nyuzi 118, wakati akriliki inataka kati ya 60 na 90, maana ncha ndefu hutokea upande wa pili taratibu. Itie biti hiyo alama ya rangi na isirudi tena kwenye chuma.

Jambo la pili ni kilicho chini ya bamba. Weka ubao au plaiwudi isiyo na matundu ya zamani, kisha bana vyote viwili kwa klampu pasibaki nafasi katikati. Nafasi ndogo tu inatosha kuiacha akriliki ikose pa kuegemea wakati ule biti inapotokea. Usilishike bamba kwa mkono, kwani likikamatwa linazunguka na kingo zake zinakata kama kisu. Miwani ya kinga ni lazima, na glavu usivae karibu na biti inayozunguka.

Usigonge alama kwa nyundo na sindano ya fundi kama unavyofanya kwenye chuma. Pigo hilo ndilo mwanzo wa ufa ambao utauona baadaye ukadhani umeletwa na drili. Zungusha ncha ya biti ndogo kwa vidole mpaka kipatikane kishimo, inatosha. Wala usitoboe kwanza kwa milimita 4 halafu upanue kwa 6: biti ya pili itashika kwa pembe zake za nje tu, na hapo ndipo inapong'ata vibaya kuliko popote. Ama anza na milimita 2, ama nenda moja kwa moja.

Kasi ya mizunguko 1000 hadi 1500 kwa dakika inafaa kwa tundu la milimita 6, na biti kubwa zaidi zipunguzie. Lakini mwalimu mzuri ni taka zinazotoka. Zikitoka utepe mrefu laini, uko sawa. Zikiwa unga mkavu, unasukuma kidogo mno au biti ni butu. Zikiwa vidonge vilivyoganda kwenye mfereji wa biti, joto limezidi: inua biti, isafishe, iache ipoe. Kwa bamba la milimita 4 inua mara moja au mbili, na kwa bamba nene inua kila baada ya milimita 3 hivi. Milimita ya mwisho ipe mkono mwepesi kabisa. Na tundu lisikaribie ukingo: kwa tundu la milimita 6, acha walau milimita 12 za plastiki nzima kati yake na ukingo.

SWALI: Nikikata akriliki ya milimita 5 kwa jigsoo (mashine ya msumeno mwembamba unaopanda na kushuka), nyuma ya msumeno plastiki inajiunga tena. Nafika mwisho wa mstari, bamba bado ni moja! Nilibadilisha nikaweka msumeno wa meno madogo zaidi, ikawa mbaya zaidi.

JIBU: Meno madogo ndiyo yaliyokuponza. Vijibonde kati ya meno vinajaa taka mara moja, taka zinasuguliwa badala ya kutolewa, zinapata moto, zinayeyuka na kujaza njia uliyokwisha kata. Akriliki hulainika kwenye nyuzi joto 100 na kidogo, na plastiki haipitishi joto kama chuma, hivyo moto wote unabaki pale pale kwenye meno.

Tafuta msumeno wenye meno makali yaliyopishana milimita 2 hadi 2.5, tena yaliyopindishwa moja kushoto moja kulia, ili njia iwe pana kuliko ubapa wa msumeno. Zima ule mwendo wa kubembea mbele na nyuma ambao jigsoo nyingi zinao, maana unapiga plastiki na kuimegua. Punguza kasi iwe ya kati au chini yake, kisha usiisubirishe mashine: sukuma kwa mwendo ule ule bila kusimama. Anayesogea polepole kwa woga ndiye anayeyeyusha. Ukitumia mashine ya betri, matone ya maji yenye sabuni kidogo kwenye mstari yanasaidia sana. Kwa mashine ya waya wa umeme, maji yasikaribie; mtu wa pili apulize hewa.

Karatasi au nailoni ya kinga iache juu ya bamba, chora mstari juu yake. Lishikilie bamba pande zote mbili za mstari, karibu kabisa na unapokata, kwa sababu likitetemeka litapasuka hata kama msumeno ni sahihi. Ukikata kona ya ndani, toboa kwanza tundu la milimita 6 au zaidi pale kwenye kona, ukate mpaka kwenye tundu. Kona kali isiyo na mviringo itafungua ufa siku yoyote, hata mwezi mmoja baada ya kazi kwisha.

Kuna pia suala la bamba lenyewe. Akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu hutoa taka kavu, ile iliyosukumwa na mashine hulainika mapema na kunata. Ukiwa na hiari ya kuchagua, na kazi ni ya kukata na kutoboa sana, nunua ya kumiminwa.

Kwa mistari mirefu iliyonyooka, jigsoo si chombo chake. Msumeno wa duara wa meza, wenye sahani ya milimita 250, meno 60 hadi 80 ya metali ngumu yasiyoinama mbele, utakupa ukingo ambao karibu hauhitaji msasa. Sahani itokeze juu ya bamba kidogo tu.

SWALI: Je, ni kweli akriliki inaweza kukatwa kwa kuchanwa na kuvunjwa kama kioo? Nikijaribu, ufa unakwenda utakako.

JIBU: Ni kweli, mpaka unene wa milimita 3 bila taabu, 4 au 5 inawezekana kwa subira. Tumia kisu chenye ncha ya ndoano kinachochimba mfereji, si kisu cha karatasi kinachopasua tu. Rula ya chuma ibanwe kwa klampu, si kwa mkono. Pita mara 7 hadi 10 kwa bamba la milimita 3, kutoka ukingo hadi ukingo bila kuruka. Wengi huishia sentimita moja kabla ya mwisho, na hapo hapo ndipo ufa unapopotea njia. Kisha weka mfereji juu, ukiwa umelingana na ukingo wa meza, bana upande wa ndani kwa ubao, na ushushe upande wa nje kwa pigo moja la viganja vyote viwili. Kipande chembamba cha chini ya sentimita 4 hakina nguvu ya kutosha kukuvunjikia sawasawa. Hicho kikate kwa msumeno. Na polikaboneti usijisumbue: itapinda, haitavunjika.

SWALI: Nimetengeneza ngao ya mashine kwa polikaboneti ya milimita 6. Matundu yalitoka safi kabisa. Wiki kadhaa baadaye nyufa ndogo kama nyota zimezunguka kila bolti. Muuzaji alisema plastiki hii haivunjiki kwa nyundo!

JIBU: Muuzaji hakukudanganya kuhusu nyundo. Adui wa polikaboneti ni kemikali ikikutana na mkazo. Jiulize vitu vitatu. Ulitumia mafuta ya kukatia chuma wakati wa kutoboa? Ulitia gundi ya kuzuia nati isilegee? Uliweka washa laini za PVC? Vyote hivyo vina vimiminika vinavyojipenyeza kwenye plastiki iliyobanwa na kuifungua polepole. Akriliki nayo ina udhaifu huo huo, na spiriti huiathiri vibaya hasa kwenye kingo zilizotoka kukatwa. Kupoza biti, tumia maji au hewa. Kusafisha, tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, si dawa ya vioo yenye amonia.

Kisha angalia ukubwa wa matundu. Plastiki hizi hutanuka karibu milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi joto moja. Bamba la mita 1 likipata joto la nyuzi 30 zaidi, linarefuka milimita 2 na ushei. Bolti ya milimita 6 kwenye tundu la milimita 6 haiachi pa kwenda, hivyo ukuta wa tundu unasukumwa kila jua linapopanda. Toboa milimita 8 hadi 9, weka washa pana, kaza mpaka washa ishike, halafu legeza robo mzunguko. Nati ya kujishika yenye pete ya nailoni inazuia kulegea bila gundi. Skrubu za kichwa cha koni zipige marufuku kabisa: kichwa kile ni kabari, kazi yake ni kupasua.

Bamba lenye nyota tayari halitengenezeki. Kwa kuwa ni ngao ya mashine, livue leo ulibadilishe.

SWALI: Nahitaji tundu la milimita 60 la feni. Nina msumeno wa kikombe wa mbao tu.

JIBU: Utafaa, kama ni mkali. Kasi ya chini kabisa, inua mara kwa mara, ondoa taka. Biti ya katikati ikishapenya, pindua bamba ukatie upande wa pili, mikato miwili ikutane katikati. Ukinusa harufu ya kuungua, umechelewa kuinua. Kwa bamba la milimita 3 au pungufu, libane kati ya plaiwudi mbili ukate vyote kwa pamoja. Biti ya ngazi (ya umbo la koni, inayopanuka hatua kwa hatua) ni nzuri zaidi kwa matundu ya mpaka milimita 20 au 30, ila kwenye bamba jembamba hakikisha unasimama kwenye ngazi sahihi, maana inapita haraka.

SWALI: Nawezaje kupata ukingo wa akriliki unaong'aa kama kioo, halafu niugundishe?

JIBU: Chagua kimoja. Kwanza kwangua alama za msumeno kwa mgongo wa msumeno wa chuma, ukiuvuta kuja kwako. Fuata msasa 220, 400, kisha 800 wa maji, na usihame namba kabla mikwaruzo ya ile iliyotangulia haijaisha. Malizia kwa kitambaa laini na dawa ya kung'arishia. Ukingo wa gundi uishie kwenye msasa wa 400, bapa na wenye pembe kali, usiung'arishe. Ukiuviringisha kidogo gundi itaingiza mapovu. Mwali wa moto unang'arisha kwa sekunde, lakini unaacha mkazo ndani, na gundi ya kuyeyusha ikigusa ukingo huo nyufa nyembamba zinachomoza hapo hapo. Kama kazi ni ya thamani, ondoa kwanza mkazo huo: vua karatasi za kinga, laza vipande juu ya kitu bapa ndani ya jiko lenye kipimajoto cha kuaminika, nyuzi 80 kwa saa 2 kwa bamba la milimita 4, uzime na uache vipoe humo humo bila kufungua mlango. Gundi ifuate baadaye.

SWALI: Na ile plastiki nyeupe nzito ya mbao za kukatia mboga? Gundi haishiki.

JIBU: Haitashika. Ni polithini, na gundi za kawaida haziing'ang'anii. Tumia skrubu za uzi mpana au bolti. Kuitambua ni rahisi: inateleza kama nta na kipande chake huelea majini, wakati akriliki, polikaboneti na PVC huzama. Haipasuki, kwa hiyo biti za mbao zenye makali zinaifaa, na msumeno wenye meno makubwa. Usumbufu wake ni nyuzinyuzi kwenye kingo, ambazo msasa huzizidisha. Zikate kwa kisu kikali au randa. Tena tundu likipoa hujibana kidogo, kwa hiyo kwa bolti ya milimita 8 tumia biti ya 8.5.