Maswali na majibu: Umepiga picha ya dhahabu, si ya seli

Natumia chembe za dhahabu kupiga picha za seli kwa leza. Dhahabu yangu ya nanomita 20 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) ilikuwa nyekundu. Nilipoitia kwenye maji ya kukuzia seli ikawa zambarau. Niendelee?

Usiendelee. Swali hili sasa linanichosha. Wekundu ule unatokana na elektroni za usoni mwa chembe kuyumba pamoja zinapopigwa na mwanga wa karibu nanomita 520. Chumvi iliyomo kwenye maji hayo inafifisha chaji inayozifanya chembe zikwepane, basi zinagandana na rangi inahama. Zivalishe kwanza koti la PEG (polima inayozizuia chembe zisigusane) lenye thioli (kundi la salfa linaloshika dhahabu). Halafu pima spektra (kiasi cha mwanga kwa kila rangi) kabla na baada ya kuzitia. Jicho peke yake halitoshi.

Fedha inakuza mwanga kuliko dhahabu. Kwa nini nisiitumie?

Inaachia ioni zinazoua seli. Labda unachunguza maiti.

Ramani yangu ya Raman (picha inayochorwa kwa mwanga wa leza uliobadilishwa rangi na molekuli) imejaa madoa mekundu ndani ya seli. Nimeipata protini yangu?

Umeipata dhahabu. Kwa kawaida ni kama fotoni (punje ya mwanga) moja tu kati ya milioni 10 inayotawanyika kwa namna ya Raman. Metali kama dhahabu hukuza ishara hiyo mara milioni na zaidi, lakini nanomita chache tu kutoka usoni pake, na seli ina upana wa nanomita 10,000 au zaidi. Kwa hiyo unaona kilichogusana na chembe, basi. Chembe mbili zilizobanana zitawaka kuliko zote, hata kama protini hapo ni haba. Tena seli huzimeza chembe na kuzifungia kwenye vifuko, hivyo madoa mengi ni mlo tu wa seli.

Fungua doa moja, usome spektra yake. Ukiona kilele karibu na 1,003 kwa sentimita, huenda ni fenilalanini, asidi amino ambayo imo katika protini nyingi mno. Kama ulibandika molekuli ya alama, vilele ni vya alama hiyo. Na seli za kulinganishia, zisizotiwa chembe, ziko wapi? Ziko wapi chembe zenye kingamwili isiyoilenga protini yako? Wengi mnaoniuliza hamzitaji kabisa, ila rangi za ramani mnazichagua kwa makini ajabu.

Leza ya nanomita 532 au 785?

785. Mng'ao wa seli zenyewe hupungua hapo, na dhahabu ya duara hainywi mwanga kama inavyounywa wa 532. Hata hivyo punguza nguvu: dhahabu ikipigwa leza hupata joto, na kuna wanaolitumia joto hilohilo kuua seli za saratani kwa makusudi.

Programu ipi inapaka rangi nzuri zaidi?

Rudi swali la tatu.